Unalipia OC, Unapata Fremu Moja

"Fundi, nikiongeza hela kidogo napata ile ya OC. Si ndiyo nzuri zaidi?" OC ni kifupi cha overclock, yaani kadi iliyoongezwa kasi kiwandani. Wiki hii pekee nimeulizwa hivyo mara tatu, na wote watatu ni watu waliojibana miezi kadhaa ili wapate kadi ya kuchezea gemu, ile inayochora picha kwenye skrini. Mmoja alikuwa ameshalipa kabla ya kuniuliza. Hilo ndilo linaloniuma, maana hela aliyoongeza kwa ajili ya herufi mbili za kwenye boksi ingemfikisha kwenye kadi ya daraja la juu yake.

Dhana: OC ina kasi kubwa kiasi cha kuifikia kadi ya daraja linalofuata

Tuanze na tarakimu zenyewe. Kadi ya GTX 1660 Super ya kawaida, kwa vipimo vya NVIDIA wanaotengeneza chipu yake, ina kasi ya busti, yaani ile inayopanda ikipewa kazi, ya megahezi 1785. Chukua toleo la OC lililoandikwa 1815. Limeongezwa megahezi 30, yaani asilimia 1.7. Gemu iliyokuwa inakupa fremu (picha) 60 kwa sekunde itakupa 61, tena endapo kila kitu kwenye gemu hiyo kinategemea kasi ya chipu ya kadi peke yake. Sijawahi kukutana na gemu ya namna hiyo. Prosesa inachangia, memori ya kadi inachangia, na matoleo mengi ya OC yanaiacha memori kama ilivyokuwa.

Hata hizo megahezi 30 huenda usizione. Tangu GTX 680 ya mwaka 2012, kadi za NVIDIA zinajipandisha kasi zenyewe. Chipu inaangalia joto lake, umeme inaovuta na volteji iliyonayo. Ikiona bado kuna nafasi inapanda, ikipata joto inashuka hatua kwa hatua. Busti iliyoandikwa kwenye boksi ni kasi inayotarajiwa katika matumizi ya kawaida, wala siyo mwisho wa uwezo wa kadi. Kadi ambayo haikuongezwa chochote kiwandani itaipita tarakimu hiyo bila wewe kugusa kitu, mradi inapata hewa.

Mwezi uliopita nilizifunga 1660 Super mbili kwenye mashine moja, kwa zamu, moja ya kawaida na nyingine ya OC. Gemu ileile, sehemu ileile, dakika 20 kila kadi, programu ya GPU-Z inayoonyesha kasi na joto la kadi ikiwa wazi pembeni. Ile ya kawaida ilitulia juu ya 1850. Ile ya OC ilianza juu zaidi, lakini feni zake zilikuwa zimeshika vumbi. Joto likapanda, kasi ikateremka, mwisho zikawa zinapishana kwa megahezi chache tu. Nikamwita mwenye ile ya OC ajionee. Akainama mbele ya skrini, akawa anasoma kaunta ya fremu kwa sauti: 71, 72, 71. Kwenye kadi ya kwanza alikuwa amesoma 71, 70, 72. Akaniuliza ipi ndiyo ya kwake.

Sasa hilo la kuifikia kadi ya daraja la juu. Ndilo linalowaponza wengi, na mfano wake mzuri kuliko yote uko ndani ya familia hiyohiyo. GTX 1660 ya kawaida ilitoka Machi 2019, 1660 Super ikafuata Oktoba mwaka huohuo. Zote zina viini 1408, vile vijisehemu vya chipu vinavyopiga hesabu. Zote zina busti ya 1785. Ukisoma viini na megahezi peke yake, utaapa ni kadi moja. Tofauti iko kwenye memori: ya kwanza ina memori ya aina ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 192 kwa sekunde, Super ina aina mpya zaidi, GDDR6, inayopitisha 336. Hilo ni ongezeko la asilimia 75, na ndilo linaloifanya Super ivute mbele waziwazi kwenye gemu nzito. Mtu akikuletea 1660 ya OC iliyopandishwa hadi 1860, ameongeza asilimia 4 kwenye chipu ambayo tayari inasubiri memori. Haitaifikia Super ya kawaida hata ukiifungia feni za ukubwa wa sahani.

Kwa hiyo mteja akiniwekea mezani 1660 ya OC yenye kasha la kung'aa, na Super isiyo na mapambo yoyote kwa bei inayokaribiana, sihitaji hata kuyasoma maboksi.

Kuna jambo lingine linalonikera hapa. Baadhi ya watengenezaji huchapisha tarakimu mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya "hali ya OC". Ile ya juu huipati mpaka usakinishe programu yao na kuichagua humo. Wanunuzi wengi hawaijui programu hiyo, wanacheza miaka miwili kwenye tarakimu ya chini huku wakiamini wana ya juu.

Na programu ya bure ya kubadilisha kasi ya kadi, kama MSI Afterburner, inafanya kazi kwenye kadi za chapa nyingine pia. Unasogeza kitelezi cha kasi ya chipu hadi +30, unabonyeza tiki, basi. Kile ambacho mwenzako amelipia kimekuchukua sekunde kumi.

Wakati mwingine OC nainunua mwenyewe, sikatai. Ikiwa bei ni ileile, ichukue. Au ikiwa toleo hilo limekuja na bamba la kupozea lililo nene zaidi na feni zinazozunguka polepole, hapo kuna kitu halisi cha kulipia: ukimya, na joto la chini. Lakini ujue unalipia upozaji. Matoleo ya bei ya chini yenye feni moja fupi huandikwa OC vilevile, na hayo hayana ukimya wala joto la chini.

Dhana: Megahezi nyingi, nguvu nyingi

RX 6600 ya AMD, washindani wa NVIDIA, imeandikwa busti ya 2491. RTX 3060 ya NVIDIA, ya gigabaiti 12, imeandikwa 1777. Tofauti ni zaidi ya megahezi 700, na bado kwenye gemu nyingi zinakabana koo. Miundo ya chipu ni tofauti, kiini cha huku hakifanyi kazi sawa na kiini cha kule. Hata neno busti halina maana moja: kwa AMD ni kilele ambacho chipu inaweza kukigusa, na kasi unayoitarajia wakati wa kucheza wameiandika pembeni kama kasi ya gemu, ambayo kwa RX 6600 ni 2044. Usilinganishe megahezi za familia mbili. Linganisha fremu kwenye gemu unazocheza wewe.

Dhana: Kadi ya OC inaungua mapema

Hapana. Ongezeko la kiwandani ni dogo, limepimwa, na dhamana inalibeba. Kadi zinazofika mezani kwangu zimekufa kwa sababu ya vumbi, peist ya kupitishia joto iliyokauka, feni iliyokwama na pawa saplai mbovu, za OC na zisizo za OC bila ubaguzi. Kinachotokea mara mojamoja ni kadi ya OC iliyozeeka kuanza kuangusha gemu katikati, skrini inaganda au inarudi kwenye desktopu. Kabla ya kuitupa, teremsha kasi ya chipu kwa megahezi 50 kwenye Afterburner kisha ucheze jioni nzima. Nimeshawarudishia watu kadi zao kwa njia hiyo bila kufungua skrubu hata moja.

Dhana: Feni tatu zinapoza kuliko mbili

Kinachopoza ni ukubwa wa bamba na hewa inayoingia ndani ya kasha la kompyuta. Chipu ya wati 120 inatoshwa na feni mbili nzuri. Ukiifungia kadi ya feni tatu ndani ya kasha lenye kioo mbele na tundu dogo, utapoza hewa moto kwa hewa moto. Pima pia urefu; si mara moja nimeona mtu akijaribu kukata kizimba cha diski ili kadi iingie.

Ushauri wangu, ninaoutoa mpaka watu wanauchoka, ni kushusha volteji badala ya kupandisha kasi. Umeme unaoliwa na chipu huenda na mraba wa volteji. Ukitoka volti 1.05 hadi 0.95 kasi ikibaki palepale, umepunguza sehemu hiyo ya matumizi kwa karibu asilimia 18. Joto linashuka, feni zinanyamaza, na kwa kuwa chipu inajipandisha inapokuwa na ubaridi, mara nyingi kasi inatulia vizuri kuliko ilivyokuwa. Nenda hatua ndogondogo, na gemu ikianguka rudi hatua moja juu.

Dhana: OC au la, waya ni uleule

Hili ni la wenye kompyuta za ofisini zilizogeuzwa za gemu. GTX 1650 imewekewa wati 75, ambazo ndizo sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mkuu, inaruhusiwa kutoa, kwa hiyo matoleo mengi yake hayana tundu la umeme kabisa. Unachomeka, unawasha. Lakini matoleo kadhaa ya OC yamewekewa tundu la pini 6. Mtu anafika nyumbani, anafungua kasha, pawa saplai ya mashine yake haina waya huo. Anatafuta adapta ya kutoka kwenye plagi ya SATA, ile ya kupeleka umeme kwenye diski. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta 75. Nimeshashika adapta hizo zikiwa zimeyeyuka plastiki, pini zimegeuka nyeusi, na harufu inakaa ndani ya mashine siku kadhaa.

Fungua kasha ukiwa bado na hela mfukoni, tafuta waya wenye pini 6 au 8 unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Usipouona, chukua 1650 isiyo na tundu.