Kinda wa kasuku anayeng'ata: dhana potofu na ukweli wake

Anapotajwa kasuku wa nyumbani, wengi wetu humfikiria yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege wa misitu ya Kongo na Uganda, ambaye sifa yake ya kuiga maneno ya watu imemfikisha mpaka vibarazani Mombasa na kwenye maghorofa ya Dubai. Anayemleta kinda nyumbani huwa anasubiri kusikia salamu, lakini kabla ya neno la kwanza hukutana na mdomo. Hapo ndipo ushauri wa kila aina humiminika, na sehemu kubwa ya ushauri huo humfanya ndege ang'ate zaidi.

Dhana ya kwanza, ambayo nyingine karibu zote huchipuka kwake, ni kwamba kasuku anayeng'ata ana roho mbaya na amezaliwa nayo. Ukweli ni kwamba kinda wa miezi mitatu au minne hana mkono, ana mdomo. Kwa mdomo huo hujishikiza anapopanda, hupima ugumu wa kitu na kukijua kilivyo, kwa kuwa ncha yake ina miishio mingi ya mishipa ya fahamu, na ulimi wake mnene humsaidia kugeuza na kupapasa kila alichokidaka. Kwa hiyo mfugaji hana budi kutenganisha kutafunatafuna na kung'ata. Kutafunatafuna ni uchunguzi, hakuachi jeraha, na huelekezwa zaidi kwenye vifungo vya shati, hereni na kucha. Kung'ata ni kubana kwa makusudi ili kitu fulani kiondoke au kikome.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa karibu nyumbani kwa shangazi yangu, ambako mtoto wa miaka minane alimnyooshea kinda kidole ili apande. Kinda akainama, akakishika kidole kwa mdomo polepole, kama fundi anavyoitikisa ngazi kabla ya kuikanyaga. Mtoto akashtuka, akarudisha mkono, na ndege ambaye alikuwa ameshainua mguu mmoja akaporomoka mpaka kwenye mkeka. Jioni ile ile alipoletewa kidole tena alikibana kwa nguvu, mtoto akalia. Watu wa nyumbani wakasema ndege ameanza ukali. Nionavyo mimi, alikuwa amejifunza kwamba tawi lile hukimbia, hivyo ni lazima lishikwe barabara. Dawa yake haikuwa kubwa: mkono utulie, uletwe chini kidogo ya kifua cha ndege, neno moja litumike kila siku, kwa mfano "panda", na akishapanda apewe punje moja ya alizeti papo hapo, kabla hajasahau alichofanya.

Wapo wanaosema kinda hung'ata kwa sababu anaota meno, kama mtoto mchanga. Ndege hana meno, wala hatayaota. Hamu ya kutafuna ni ya kweli, nayo hutulizwa kwa vipande vya mti laini usiopakwa rangi, vifuu vya nazi na karatasi nene, si kwa vidole.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ndege apigwe kofi la mdomo, apuliziwe usoni, arushiwe maji au mkono utikiswe mpaka aanguke, ili ajue nani mkubwa. Kasuku haelewi adhabu kwa namna hiyo. Porini huishi kwa makundi, lakini hakuna kasuku anayemrekebisha mwenzake kwa kumchapa, na anachokiona pale anapopigwa ni kiumbe kikubwa mara nyingi kuliko yeye kikimshambulia. Ndege mzima wa aina hii ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi. Uzito wako wewe unaujua. Maji nayo ni hasara ya pili, kwa sababu kasuku anahitaji kuoga ili manyoya yake yabaki na afya, na akishayahesabu maji kuwa adhabu itakuwa vigumu kumwogesha. Kwa upande mwingine, kelele na purukushani huwafurahisha baadhi ya makinda: ukipiga ukunga na kuruka, umempa mchezo ambao atautafuta tena kesho.

Kutokana na hilo, wengine wamekimbilia upande wa pili wakisema dawa ni kuvumilia, yaani mtu ang'atwe akae kimya mpaka ndege achoke. Ushauri huu una ukweli nusu. Ni kweli kwamba ukishang'atwa hupaswi kupiga kelele. Mshushe ndege taratibu mahali palipo karibu, umgeuzie mgongo kwa sekunde chache, kisha usafishe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Lakini kuvumilia si kufundisha. Kasuku huwa amesema mengi kabla hajafikia kung'ata, na anayengoja mpaka atokwe na damu hajamsikiliza hata neno moja. Manyoya ya shingo husimama, mkia hufunguka kama kipepeo, mwili huegemea nyuma au hukakamaa ukawa mwembamba, mdomo huachama kidogo, na kasuku wa kijivu hasa huweza kunguruma kama mbwa mdogo. Vitabu vingi vya wafugaji husisitiza mboni ya jicho inayopanuka na kusinyaa haraka, ishara ambayo kwa ndege mzima huonekana waziwazi kwenye jicho la njano iliyopauka. Kinda, hata hivyo, ana jicho la kijivu cheusi ambalo hupauka kidogo kidogo kadiri anavyokua, kwa hiyo kwake mboni haionekani vizuri na ni afadhali kutazama shingo na mkao. Ukiona ishara hizo, ondoa mkono wakati huo, kabla ya mdomo kufanya kazi. Wengi huogopa kwamba kufanya hivyo ni kushindwa na ndege. Kinyume chake, kinda aliyesikilizwa alipoegemea nyuma hana haja ya kung'ata, na aliyepuuzwa mara ishirini ataacha kuegemea na kuanzia moja kwa moja kwenye kidole.

Glavu nene za bustani zinaonekana kuwa suluhisho la akili, lakini makinda wengi huziogopa, na anayezivaa hahisi nguvu anayotumia kumshika ndege. Baada ya wiki chache ndege huanza kukimbia mikono yote, yenye glavu na isiyo nazo. Anayeogopa mdomo na atumie kijiti cha kukalia, amfundishe ndege kupanda hapo kwanza. Mkono utafuata baadaye.

Kuhusu kukata manyoya ya mabawa, huambiwa kwamba ndege asiyeruka hutulia. Mimi siafiki. Kiumbe chenye mabawa kinapoogopa huruka, na ukimwondolea njia hiyo umembakishia moja tu. Isitoshe, kasuku wa kijivu ni mzito kwa umbo lake, na kinda aliyekatwa kabla hajajifunza kuruka vizuri huanguka kama embe, akaumia mfupa wa kifua. Kukata ncha ya mdomo ili usiumize ni kosa kubwa zaidi, kwani ndani yake mna damu na mishipa ya fahamu. Mdomo wenye afya hujisaga wenyewe kwa kutafuna. Ukirefuka kupita kiasi, mara nyingi tatizo liko kwenye chakula au kwenye ini, na hilo ni la daktari wa mifugo.

Pilipili nayo hulaumiwa, kwamba humtia kasuku ukali au humfungua ulimi. Haifanyi lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa ndege hawauhisi ule mwasho unaotuchoma sisi, na ndiyo maana kasuku huila kama anavyokula papai.

Kuna ndege mmoja ambaye dhana ya ukali wa kuzaliwa humdhulumu kuliko wote: yule aliyenaswa msituni akauzwa kama kinda wa kufugwa. Huyo hung'ata kwa hofu tupu, na huweza kuchukua miezi mingi kabla ya kukubali mkono. Tangu Januari 2017 kasuku wa kijivu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kinachozuia biashara ya kimataifa ya ndege waliotolewa porini, kwa hiyo anayeuziwa ndege asiye na pete mguuni wala karatasi za asili yake ana sababu ya kuuliza maswali kabla ya kulaumu mdomo.

Hatimaye husemwa kwamba ndege hubadilika ghafla bila sababu. Mara nyingi sababu ipo, ila haiko mkononi mwa mtu. Katika misitu ya ikweta usiku ni wa saa 12 hivi, ilhali sebuleni runinga huwaka mpaka saa sita za usiku, na kinda aliyekosa usingizi huamka na hasira. Manyoya mapya yanayochipuka yakiwa bado na damu ndani huuma yakiguswa, hivyo kichwa alichopenda kukunwa juzi leo hataki kiguswe. Ugonjwa nao hujificha, kwa sababu ndege porini haonyeshi udhaifu wake, na kasuku mpole aliyeanza kung'ata huenda anaumwa. Mizani ndogo ya jikoni husaidia hapa: mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Aliyekuwa na gramu 450 akashuka mpaka 405 hahitaji mafunzo ya tabia. Anahitaji daktari siku hiyo hiyo.