Asiyeinuka kuswali baada ya kuumia kichwa

Mama mmoja aliniletea mwanawe, dereva wa bodaboda aliyeanguka bila helmeti miezi saba iliyopita. "Daktari, adhana inalia, yeye anatazama ukuta. Zamani hata Alfajiri haikumpita. Huyu kachezewa." Walikuwa wametoka kwa mganga, na dawa za kifafa wameshazisimamisha.

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, kwa Waislamu na kwa Wakristo, na safari hii siyanyamazii.

La dawa kwanza, maana linaua. Dawa za kifafa hazikatwi ghafla. Ukizikata, kifafa kinaweza kuja kisikome. Ombeni, someni Kurani, vidonge viendelee. Mikesha ipunguzeni, kukosa usingizi huamsha kifafa. Na msiniambie CT scan, ile picha ya kichwa, ilikuwa safi: kichwa kikizungushwa kwa nguvu, nyuzi za ubongo huvutika na kukatika, na CT mara nyingi haizioni.

Sasa hili la imani. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayogeuza nia kuwa kitendo. Ikiumia, mtu anaweza kujua kwamba Adhuhuri imeingia, akataka kuswali, na bado asinyanyuke. Si uvivu. Mvivu ana visingizio. Huyu ukimuuliza mbona hukuswali, anakujibu "sijui", na anasema kweli. Palepale nikamwomba kaka mtu amguse bega na kumwambia, "Twende tukatawadhe." Kijana akainuka. Akatawadha kwa mpangilio, akasoma Fatiha bila kukwama, na chai ya asubuhi ile hakumbuki kama aliinywa. Alichohifadhi madrasani utotoni hakikai mahali pamoja ubongoni na habari za leo. Mtu aliyeikataa swala hainuki kwa kuguswa bega. Kutotaka na kutoanza ni vitu viwili, na familia nyingi zimevifanya kimoja, zikamwadhibu mgonjwa kwa dhambi asiyoitenda.

Kilichomshinda ni hesabu. Rakaa ya pili aliidhani ya nne, akatoa salamu. Mama akalia. Lakini dini yenyewe ina njia: mwenye shaka hushika idadi ndogo, akamalizia, akasujudu sijida mbili za kusahau. Na kwenye jamaa, imamu ndiye anayebeba hesabu. Nina mgonjwa Mkatoliki ambaye spika na ngoma za kanisani humpasua kichwa, ila rozari anaimaliza, kwa sababu punje zinahesabu badala yake. Ninachowatengenezea wagonjwa kwa kengele za simu, kwenye ibada kipo siku nyingi.

Vitabu vyetu hupenda kumtaja Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli huko Marekani, ambaye mwaka 1848 mtaimbo ulimpenya kichwani akabadilika tabia. Sehemu inayonigusa mimi hutajwa kwa haraka: baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi yenye utaratibu wake wa kila siku.

Kuna mahali nakwama. Kutoanza na huzuni nzito hufanana sana kwa nje. Mwenye huzuni mara nyingi hujilaumu, huona Mungu amemtupa. Yule mwingine husema "sawa tu". Ila wapo wenye vyote viwili, na niliwahi kumpangia mtu ratiba kwa miezi mitatu kumbe alihitaji kutibiwa huzuni. Tena yuko mzee aliyeniambia kwa utulivu kwamba tangu ajali hamwamini Mungu. Familia ilitaka niandike kuwa ni jeraha. Sikuandika. Alizipanga sababu zake vizuri kuliko sote mle chumbani, na aliyeumia ubongo hajapoteza haki ya kufikiri.

Yule kijana tumekubaliana hivi: kaka yake ampitie kila siku kabla ya Magharibi, waende msikitini, wakae pembeni mbali na spika. Swala hiyo moja kwanza. Mama akauliza zile nne zinakuwaje. Hilo si langu kulijibu, ni la sheikh wa mtaani kwao. Nimeomba twende wote, ili kabla hajatoa hukumu nimweleze ni kitu gani hasa kimevunjika.