Ikaiti: madini ya baridi, ndani ya barafu ya bahari na kwenye tope la chini

Chukua kipande cha barafu ya bahari, kikate chembamba, kisha kitazame kwa hadubini ukiwa ndani ya chumba cha baridi. Utaona maji. Hata kipimajoto kikisoma nyuzi 10 chini ya sifuri, katikati ya matabaka ya barafu safi kuna vitone na vijifereji vya maji chumvi ambayo hayajaganda, vingi vikiwa na upenyo usiofika milimita moja. Sehemu kubwa ya kemia ninayoishughulikia hutokea humo.

Chanzo chake ni umbo la fuwele za barafu. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita, na katika mpangilio huo sodiamu, kloraidi na kalsiamu hazipati pa kukaa. Zinafukuzwa. Maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo huanza kuganda kwenye takriban nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Chumvi nyingi inayofukuzwa huzama pamoja na maji mazito yaliyoibeba, na inayobaki hunaswa. Baridi ikiisha, barafu ya mwaka mmoja huwa imebakiwa na kama gramu 5 kwa kilo, karibu zote zikiwa ndani ya vijifereji. Ukali wa maji chumvi hayo hufuata joto la barafu, wala haijalishi barafu imetoka bahari gani. Nitajie joto, nami nitakutajia ukali bila kuonja: kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri ni takriban gramu 140 kwa kilo, mara nne ya bahari yenyewe.

Maji yakiwa makali kiasi hicho, chumvi huanza kujitenga moja baada ya nyingine. Mirabiliti, ambayo ni salfati ya sodiamu yenye maji, hujitenga kwenye nyuzi 6.4 hivi chini ya sifuri. Hidrohaliti, yaani chumvi ya kawaida iliyoshikamana na maji, husubiri mpaka nyuzi 23 hivi chini ya sifuri. Inayotangulia zote, barafu ikiwa bado na uvuguvugu wake, ni ikaiti.

Ikaiti ni kalsiamu kabonati iliyofungamana na molekuli sita za maji. Piga hesabu ya uzito: asilimia 52 ya fuwele hiyo ni maji. Jina lake limetokana na ghuba ya Ikka, kusini-magharibi mwa Greenland, ambako Hans Pauly wa Denmark aliitambua na kuieleza mwaka 1963. Kule imejenga nguzo zinazosimama kutoka sakafu ya bahari, nyingine zikikaribia urefu wa mita 20, juu ya chemchemi zenye kabonati nyingi. Mwaka 1982 watafiti walitangaza kuipata kwenye mashapo, yaani tope la sakafu ya bahari, ya mlango-bahari wa Bransfield, Antaktika. Ilichukua hadi 2008 kwa ripoti ya kuwepo kwake ndani ya barafu ya bahari kuchapishwa, nayo pia ilitoka Antaktika.

Kuchelewa huko kunaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuyeyusha sampuli. Ukiiacha barafu iyeyuke mezani kwenye joto la kawaida la maabara, ushahidi unapotea machoni pako. Sisi huiyeyusha ndani ya chumba cha baridi, joto likiwa limezidi sifuri kidogo tu, na huchukua fuwele wakati bonge la mwisho la barafu lingali linaelea. Zikiwa baridi ni angavu kama kioo. Zikipata joto huingia ukungu, hupasuka, kisha hubaki unga wa kalsaiti, yaani kalsiamu kabonati isiyo na maji, ndani ya tone la maji. Hata mashine ya eksirei inayozitambua lazima ipozwe. Kwa hiyo nikisoma matokeo ya “kabonati kwenye barafu” ambayo hayasemi sampuli ziliyeyushwa kwa joto gani, huwa sijui niyafanyie nini.

Ikaiti ina uzito wake katika suala la hewa ya ukaa. Ioni moja ya kalsiamu huungana na ioni mbili za bikabonati, ikaiti ikazaliwa, na molekuli moja ya kaboni dioksidi ikaachiliwa. Swali zima ni hii molekuli inakwenda wapi. Ikishuka na maji chumvi hadi kina cha bahari huku fuwele zikibaki kwenye barafu, basi kiangazi barafu ikiyeyuka na ikaiti ikayeyuka nayo, maji ya juu huwa na kiu ya hewa ya ukaa na huifyonza kutoka angani. Lakini fuwele nazo zikisombwa kwenda chini, faida hiyo haipo. Gesi ikipenya juu na kutoroka angani, vilevile hatujapata kitu. Kinachoamua ni iwapo vijifereji vimeunganika. Kipimo tunachokitumia ni kwamba barafu ya nguzonguzo, ambayo fuwele zake zimesimama wima, yenye gramu 5 za chumvi kwa kilo hupitisha maji ikiwa na joto linalozidi nyuzi 5 chini ya sifuri, pale ambapo maji chumvi hufika asilimia 5 ya ujazo wake. Ikipoa zaidi ya hapo hujifunga. Barafu ya majira ya kuchipua inaweza kuwa imejifunga juu na iko wazi chini kwa wakati mmoja, ndiyo maana sioni busara ya kuchukua tarakimu moja ya barafu fulani na kuitandaza juu ya bahari zote za ncha za dunia.

Sasa tushuke kwenye tope. Fuwele za ikaiti zinazodondoka kutoka kwenye barafu kwa kawaida huyeyuka njiani, kwa sababu maji ya bahari hayajashiba madini haya. Ikaiti ya mashaponi huzaliwa mashaponi, kwa kemia nyingine kabisa. Mabaki ya mwani yakizama, bakteria huyala kwa kutumia oksijeni kwanza. Ikiisha huingia naitreti, kisha oksidi za manganizi na za chuma, halafu salfati. Salfati ikitumika, hutoka salfidi na bikabonati kwa wingi. Mabaki hayo hayo yakioza huachia fosfati, na fosfati huzuia kalsaiti isijengeke. Kalsaiti ikizuiliwa kwenye baridi ya namna hiyo, ikaiti hupata nafasi.

Wengi hudhani bakteria wa huko wanasinzia. Vipimo vya Svalbard, visiwa vya Aktiki, kwenye tope lenye joto la karibu na sifuri, vimeonyesha salfati ikiliwa kwa kasi inayolingana na ya mashapo ya bahari zenye joto zaidi. Bakteria hao wamezoea baridi. Kinachowabana ni uhaba wa chakula.

Tope likipata joto, ikaiti humwaga maji yake na kuacha kalsaiti yenye vitundu iliyobaki na umbo la fuwele ya zamani. Maumbo hayo, glendoniti, hupatikana kwenye miamba ya kale, na wanajiolojia wameyasoma kwa muda mrefu kama ushahidi wa bahari baridi. Mimi nayapokea kwa tahadhari: mwaka 2020 ilichapishwa kazi ya maabara iliyoonyesha ikaiti ikianza kujijenga hata kwenye nyuzi 35 juu ya sifuri. Kemia ya maji ina sauti sawa na joto.

Kwa kuuliza kama barafu ilikuwepo, nategemea zaidi IP25, molekuli ya kaboni 25 inayotengenezwa na aina chache za daiatomu, mwani wa seli moja, zinazoishi ndani ya barafu ya Aktiki, ambayo mwanakemia Simon Belt na wenzake waliitambulisha mwaka 2007. Yenyewe hustahimili safari ya kushuka na hukaa topeni kwa maelfu ya miaka. Ikikosekana, kuna tafsiri mbili: bahari ilikuwa wazi, au barafu ilikuwa nene mwaka mzima hata mwanga usiwafikie daiatomu. Kuzitenganisha, tunapima kwenye sampuli ileile molekuli za mwani wa maji ya wazi. Zikiwa nyingi, bahari ilikuwa wazi. Zikikosekana nazo, barafu ilifunika.