Tunguu la Maua Linahitaji Kulala: Ushauri kwa Bustani na Vyungu vya Nyumbani

Mvua za vuli zinapokaribia, wapenda bustani hutujia na malalamiko yanayofanana: amarilisi, ua linaloota kutoka kwenye tunguu, iliyochanua vizuri mwaka ilipopandwa sasa hutoa majani matupu, mwaka baada ya mwaka, ingawa inamwagiliwa bila kukosa na kutiwa mbolea. Kabla ya kulaumu udongo, sisi huuliza kwanza ni lini mara ya mwisho mmea huo ulikaa mwezi mzima bila maji. Mara nyingi jibu ni kwamba haujawahi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Tunguu ni ghala. Ukilikata katikati utaona magamba yaliyofunikana kama ya kitunguu cha jikoni, na ndani ya magamba hayo mmea huweka akiba ya maji na chakula cha kuuvusha katika msimu mgumu. Katika nchi za Ulaya msimu mgumu ni wa baridi kali, na kwa kuwa matunguu mengi ya nchi za joto huoza yakipigwa na barafu, watunza bustani wa huko huyang'oa kila mwaka na kuyahifadhi ndani ya nyumba. Sisi, tukiacha sehemu chache za juu kama Njombe na uwanda wa Kitulo, ambako barafu huonekana asubuhi za Juni na Julai, hatuna sababu ya kuyang'oa kwa ajili ya baridi. Msimu mgumu wa huku ni kiangazi, na tunguu linalonyimwa kiangazi chake hukosa ishara ya kulala na kuamka.

Ni lazima basi kujua mmea ulio nao huamshwa na nini. Tulipu na hayasinthi huamshwa na baridi: huhitaji takriban wiki 12 hadi 16 katika ubaridi wa chini ya nyuzi 9 za Selsiasi ndipo bua la ua lirefuke. Wapo wanaoyaweka kwenye friji na kufanikiwa mara moja, mradi wasiyachanganye na ndizi au maembe, kwa sababu gesi ya ethilini inayotolewa na matunda yanayoiva huua tumba lililo ndani. Mwaka wa pili huwa hakuna ua. Kwa maoni yangu hiyo ni gharama kubwa kwa furaha ya wiki moja, hasa ilhali yapo maua mengi yanayoamshwa na mvua, ambayo hali ya hewa yetu inayahudumia bure.

Amarilisi, yenye asili ya Amerika ya Kusini na inayojulikana kitaalamu kama Hippeastrum, ndiyo mfano mzuri wa kundi hilo. Tumba la ua lake haliundwi siku linapoonekana. Huundwa ndani ya tunguu miezi mingi kabla, kwa utaratibu wa takriban tumba moja kwa kila majani manne ambayo mmea umetengeneza. Kwa hiyo anayekata majani mara tu maua yanaponyauka, ili bustani ionekane nadhifu, anakata maua ya mwakani. Kata bua peke yake, uyaache majani yapate jua la kutosha, umwagilie, na utie mbolea yenye potasiamu kwa kiasi kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu. Samadi mbichi isiguse tunguu, maana huliozesha. Masika yakiisha, mwezi Juni, punguza maji polepole hadi uyaache kabisa, kisha uupumzishe mmea kwa wiki 8 hadi 10. Majani mengi yatageuka manjano na kukauka, na yale yatakayobaki ya kijani yasikutie wasiwasi. Septemba mwagilia mara moja vizuri, halafu subiri uone ncha ya bua kabla ya kuongeza maji. Tunguu lenye afya huchanua baada ya wiki 6 hadi 8 hivi.

Ratiba hiyo ni rahisi zaidi kwa wakazi wa Iringa, Mbeya au Dodoma, wenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Arusha, Lushoto na nyanda za kati za Kenya zina misimu miwili, na udongo wa bustani unaweza kubaki na unyevu wakati ambapo tunguu lingepaswa kuwa kavu. Hapo ndipo chungu kinapokuwa na faida kuliko ardhi: mvua isiyotakiwa ikinyesha, unakisogeza barazani au chini ya upenu. Chungu cha udongo wa kufinyangwa hupumua na kukauka haraka. Ndoo tupu ya rangi nayo hufaa, ilimradi itobolewe matundu kadhaa chini, si moja. Changanya udongo wa bustani, mboji iliyoiva na mchanga wa mtoni kwa viwango sawa. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Amarilisi hupenda chungu kinachoibana, kisichozidi tunguu kwa zaidi ya sentimita tatu kila upande, na theluthi moja ya tunguu ibaki juu ya udongo.

Pwani, ambako joto na upepo wa chumvi huwachosha wengi, nashauri Hymenocallis, lile ua jeupe lenye petali nyembamba kama miguu ya buibui ambalo hupandwa sana kando ya kuta za nyumba. Halidai mapumziko marefu, huvumilia chumvi, na mashina yake yakisongamana hugawanywa kwa jembe. Tuberosi, inayonukia zaidi jioni, nayo huipenda pwani ikipata jua la kutwa, lakini tunguu lililokwisha kuchanua halichanui tena. Wanaochanua ni watoto wake, hivyo shina zima ling'olewe na kugawanywa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Gladiola ni jepesi zaidi: panda machache kila baada ya wiki mbili, nayo yatachanua kwa zamu, kila kundi baada ya siku 70 hadi 100.

Adui wa kuangaliwa sana ni kiwavi mweusi mwenye mistari ya manjano, Brithys crini, ambaye hushambulia amarilisi na jamaa zake. Huanza ndani ya jani, kisha hushuka hadi kwenye tunguu, na kundi moja linaweza kumaliza mmea kwa siku chache. Kagua majani jioni, uwaokote kwa mkono. Kuna jambo jingine lisilo la bustani lakini ni la lazima: matunguu ya jamii hii yana sumu iitwayo likorini, inayosababisha kutapika na kuhara, nayo yanafanana mno na vitunguu. Yasihifadhiwe jikoni hata siku moja. Gloriosa, ua tambazi lenye ndimi nyekundu na manjano, ni la hatari zaidi, kwani sumu ya kolchisini iliyomo kwenye viazi vyake huua. Nyumba yenye watoto wadogo ichague ua jingine.

Anayenunua achague tunguu gumu, zito, lisilobonyea shingoni. Anayeagiza kutoka nje ya nchi, hata kama ni matunguu mawili ndani ya begi, anatakiwa kufuata taratibu za cheti cha afya ya mimea, chini ya mamlaka za afya ya mimea, yaani TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, kwa sababu virusi na minyoo husafiri ndani ya tunguu bila kuonekana. Ama lile ua jekundu la mviringo kama mpira, Scadoxus multiflorus, linalochomoza porini mvua za kwanza zinaponyesha, tunaomba lisichimbwe. Uchimbaji wa namna hiyo huweza kuumaliza mmea porini: Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sababu mojawapo ilikuwa uchimbaji wa viazi vya okidi uliokuwa ukimaliza mimea hiyo. Scadoxus huzaa matunda mekundu. Chuma machache, ondoa nyama yake, uzifukie mbegu zikiwa bado mbichi kwenye chungu kilicho kivulini, juu juu tu, na uwe tayari kusubiri miaka kadhaa.