Televisheni haikuletei mdhamini

"Tukishapata televisheni, wadhamini watakuja wenyewe." Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa watu wenye mchezo mzuri kabisa na kamati iliyojaa shauku. Jamani! Kwa mchezo mdogo, mdhamini ndiye hutangulia, maana hela yake ndiyo inayolipia kamera, wahariri na mara nyingi hata muda wa hewani. Kituo kilichotoboka mfuko kwa haki za soka hakitawanunulia za kwenu. Kitawaambia mlete kipindi kilichokamilika, bure, au mlipie nafasi.

Mdhamini naye atauliza mtaonekana wapi. Basi kila mmoja anamngoja mwenzake. Njia ya kutoka ni barua yenye masharti: kituo kinatenga siku na saa endapo udhamini utathibitishwa kufikia tarehe fulani, na mdhamini analipa awamu ya kwanza barua hiyo ikishasainiwa. Bila barua hiyo, mnachompelekea ni matumaini yenye picha za rangi.

Halafu kuna suala la muda, na la mtazamaji kuona kinachoendelea. Kipindi cha nafasi ya saa moja kwa soko la kimataifa ni dakika 52, cha nusu saa ni 26. Mechi isiyojulikana itaisha lini humtia kichaa mpanga ratiba. Ndiyo maana BBC, ilipotaka kitu cha kuonyesha uzuri wa televisheni ya rangi mwaka 1969, iliichukua snuka, mchezo wa kugonga mipira ya rangi mezani, na kutengeneza kipindi cha Pot Black, chenye mechi za fremu moja tu, yaani raundi moja. Tenisi ya meza nayo ilikuza mpira kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000, kisha mwaka 2001 seti zikashuka kutoka pointi 21 hadi 11. Poka ndiyo somo ninalolipenda zaidi: kumtazama mtu akikunja uso juu ya karata usizoziona kunachosha, lakini kipindi cha Late Night Poker cha Uingereza kilipoanza mwaka 1999 kuzionyesha karata zile kupitia vioo vya mezani, mtazamaji akajua nani anadanganya kabla ya wachezaji wenyewe. Sheria za mchezo hazikuguswa.

Ukiufupisha mchezo mno, wachezaji wa zamani hununa, na hao ndio wanaojaza viti. Mpaka wenyewe uko wapi? Sina kanuni. Ninachoshauri ni kuanza na kamera na grafiki, yaani maandishi na michoro ya kwenye skrini, sheria ziwe za mwisho. Na watazamaji wakiwa wachache, waketisheni wote upande unaotazamana na kamera kuu. Ule mwingine hauonekani.

Sasa nembo, maana hapa ndipo damu hunichemka. Mtu anauza "mabango 20 uwanjani" wakati kumi na mawili yako nyuma ya kamera! Kamera zenu karibu zote zitakaa upande mmoja, ili mchezaji anayekimbilia kulia asionekane ghafla anakimbilia kushoto. Kwa hiyo upande wa pili tu ndio wenye thamani. Bango lichapishwe kwenye kitambaa kisichong'aa, la sivyo taa zitaligeuza kioo. Nembo ya sakafuni huchorwa ikiwa imerefushwa, ili ikitazamwa na kamera kuu ionekane imesimama. Akiitazama mdhamini kwa miguu yake ataona mchoro wa ajabu, mwonyesheni kwenye skrini kabla hajapiga simu. Nembo ya kifuani hukatwa katikati kwenye picha ya karibu, au hufunikwa na namba ya mshiriki iliyobandikwa na pini. Uzeni kola, kofia na bega. Nyuma ya anayehojiwa wekeni nembo ndogo zinazojirudia: moja kubwa itaishia kuzibwa na kichwa chake. Mabango ya kielektroniki yajaribiwe mbele ya kamera siku moja kabla, kwa sababu jicho halioni kumetameta ambako kamera hukuona.

Baadaye inakuja ile ripoti: sekunde za nembo kuonekana mara bei ya tangazo, jumla kubwa ya kutisha. Mimi siiamini sana. Sekunde ya nembo kwenye mkono wenye jasho haiwi sawa na sekunde ya tangazo lenye sauti na ujumbe, na kiasi cha kupunguza ili kufidia tofauti hiyo ni maoni ya aliyeandika. Ipelekeni kwa sababu bosi wa masoko ataitaka kwenye kikao chake, lakini pelekeni pia kitu anachoweza kukihesabu mwenyewe: sampuli zilizogawiwa, namba za simu zilizosajiliwa, kuponi zilizorudi.

Mtego mwingine ni mapumziko ya matangazo. Mmemhakikishia mdhamini wa vinywaji kuwa yuko peke yake, kisha kituo kinamuuzia mshindani wake dakika za katikati ya kipindi. Kituo hakina kosa. Dakika zile ni zake. Haki ya mdhamini kuzinunua kwanza iandikwe kwenye mkataba wa kituo, siyo wa mdhamini peke yake.

Mwisho, kabidhini nakala mbili: moja yenye grafiki, nyingine bila. Sauti ya mtangazaji ikae njia yake, ya uwanja njia yake. Zikichanganywa, mnunuzi wa nchi nyingine hawezi kuweka lugha yake. Na muziki ununuliwe kibali cha nchi zote, kwa marudio yote. Wimbo mmoja wenye kibali cha nchi moja unatosha kukifungia kipindi milango mingine yote.