Ghala sio tangi la maji, acheni kuniuliza linaingia tani ngapi

Mwaka huu tena, msimu wa korosho haujafunguliwa, simu zimeshaanza: "Mtaalamu, nina ghala Masasi, linaingia tani ngapi?" Nikimuuliza lina milango mingapi, kimya. Nikimuuliza litapokea AMCOS ngapi, yaani vyama vya msingi vya wakulima, kimya, ananitajia tena urefu na upana. Jamani nimechoka, naandika hapa ili nikipigiwa tena nitume linki tu.

Haya, tuanze na hiyo hiyo sakafu mnayoipenda. Ghala la mita 50 kwa 30 ni mita za mraba 1,500, mwenyewe anazidisha na kimo anapata tani zake anafurahi. Sasa toa mita moja kila upande wa ukuta, maana mvua za Desemba zikipiga ukuta unalowa na gunia linaloegemea linanyonya, halafu mkaguzi atapita wapi? Imebaki 1,344. Toa njia ya katikati ya mita tatu, imebaki 1,200. Na bado hujapanga staki hata moja, yaani rundo la magunia. Kila loti, yaani mzigo wa chama kimoja wa daraja moja, inakaa kivyake na stakabadhi yake ya kupokelewa ghalani, ya chama hiki haipandi juu ya ya chama kile, daraja la kwanza halichanganywi na la pili, kwa hiyo ukipokea vyama thelathini vidogo utakuwa na vistaki chungu nzima kila kimoja na kichochoro chake na hiyo 1,200 nayo inaliwa. Ghala hilo hilo likipokea vyama vitano vikubwa linabeba mzigo mwingi zaidi. Ndo maana sikujibu kwenye simu.

Ila hata hilo la nafasi nalivumilia. Linaloniudhi ni mlango, watu hawauoni kabisa. Piga hesabu: lori la tani 30, gunia kilo 80, hayo ni magunia 375. Kila gunia linashuka, linachomwa bambo (kile chuma cha kutolea sampuli), linahesabiwa, linapanda kwenye staki. Makuli wakichangamka, gunia moja kila nusu dakika, lori moja linakula masaa matatu na kitu. Kutwa nzima mlango mmoja unamaliza lori tatu, sema tani 90. Sasa weka wiki ya kilele, AMCOS zote za Newala na Tandahimba zinakimbizana mzigo uingie kwenye katalogi ya mnada, ile orodha ya mizigo inayouzwa, malori kumi yako nje, na muda huo huo mnunuzi aliyelipia mzigo wa mnada uliopita kaleta malori yake apakie akimbie bandarini Mtwara, na mlango ni ule ule mmoja! Ghala nusu tupu, foleni mpaka barabarani, halafu mwenye ghala anatafuta la pili la kukodi. Bwana, toboa mlango. Mmoja wa kuingizia, mmoja wa kutolea, na makuli wa zamu mbili wanaojua siku yao ya kulipwa, kwa sababu wakigoma saa nne asubuhi na malori yamejaa, hata ungekuwa na milango sita utakaa kwenye benchi uwaangalie.

Mengine haraka haraka. Bati: ingia saa sita mchana, funga milango yote, angalia juu, panapopenya mwanga ni tobo, lizibwe sasa hivi. Chaga za mbao za kuwekea magunia zihesabiwe na zilizovunjika zigongwe misumari. Vidonge vya fosifini, ile gesi ya sumu ya kuua wadudu, vitumike ghala likiwa tupu na limefungwa, na mtu mwenye leseni, sio kijana wa duka la pembejeo. Viroba vya nailoni sitaki kuviona, korosho haipumui humo, gunia la juti basi.

Sasa unyevu. Vitabu vinasema fungua milango ghala lipate hewa. Oktoba sawa, nje kukavu, fungua. Mvua zikishaanza, hewa ya asubuhi ina maji kuliko ya ndani, ukifungua unaikaribisha mwenyewe. Mi nafungua mchana jua likiwa kali, nafunga mapema, usiku siachi wazi. Lakini yakija mawingu siku tatu mfululizo na ndani kumeanza kunuka ule uvuguvugu wa magunia, kusema kweli nabahatisha. Nishafunga, nishafungua, sijaona tofauti ya kuapia.

Na mita za unyevu nazo, mh. Chukua mbili, pima korosho za gunia moja, hii inakwambia asilimia 9.5 ile 10.5, na ugomvi wote uko hapo kwenye 10, maana ndiyo mwisho wa unyevu unaokubalika. Kwa hiyo siiamini mita peke yake, nachoma bambo magunia mengi zaidi, natikisa korosho mkononi nisikie kama inalia, iliyokauka inalia, mbichi haisemi kitu, kisha napasua kadhaa. Viongozi wa chama wakija juu nawapimia mbele yao kwa mita zote mbili, wachague wenyewe ya kugombana nayo.