Mahojiano hayahitaji jedwali la Krejcie na Morgan
Miongoni mwa wanafunzi wa uzamili wa elimu nchini Uganda imezoeleka imani kwamba utafiti usio na mamia ya watu si utafiti. Hata anayetaka kuelewa kwa nini wasichana huacha shule hufungua jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linaloonyesha ukubwa wa sampuli kwa kila idadi ya watu, akakuta watu 1,000 wanadai sampuli ya 278, akakata tamaa.

Jedwali halina kosa. Ni la kukadiria uwiano katika kundi kubwa, kazi ya dodoso. Utafiti wa kimaelezo, unaotafuta kuelewa kwa kina badala ya kuhesabu, huuliza jambo jingine: mwalimu mwenye darasa lililofurika tangu elimu ya msingi kwa wote ianze 1997 anafundishaje kusoma? Hapo unachagua walimu kwa makusudi, unawahoji kwa kina, unaketi nyuma ya darasa ukitazama, na unaanza kuchambua kabla hujamaliza kukusanya. Unaacha kuhoji pale mahojiano mapya yasipoongeza jipya. Wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss walilieleza hilo mwaka 1967. Wahojiwa 15 huenda wakatosha, huenda wasitoshe.

Wala utafiti wa kimaelezo si kimbilio la wanaoogopa hesabu (nao wapo). Saa moja ya sauti huchukua saa kadhaa kuiandika, hasa mhojiwa akichanganya Kiganda, Kiingereza na Kiswahili. Na kibali cha kamati ya maadili kinahitajika hata wahojiwa wakiwa wachache.